Vyumba Sita

Kabati lilikuwa la shangazi Aikande,
la vyombo, mguu mmoja umeliwa na mchwa.
Nikaling'oa milango, nikalilaza chali uani,
nikalipima kwa futi ya kushonea, ile ya njano,
maana futi yangu ya chuma iko Rau, kwenye saiti,
imegandia ndani ya mfuko wa saruji.

Ndeonasia kachomeka penseli sikioni.
Vyumba vingapi?
Sita, anasema, kwa sababu madume hawakai pamoja.
Jumanne wawili walikutana ndani ya ndoo
na mkia mmoja ukabaki sakafuni,
ukicheza, ukicheza,
kama haujaambiwa kwamba mwenyewe keshaondoka.
Mtoto hakulia. Aliufukia kwenye tuta la mchicha
akarudi na hesabu: madume watatu, majike wawili.
Cha sita je?
Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa
kwa nini sufuria ina mfuniko.

Basi tukakata.
Mbao za paleti tulizipata kwa muuza vigae wa Mbuyuni,
vioo ni vya ofisi iliyobomolewa Kiusa,
kimoja bado kina nusu ya neno: HASIBU.
Chandarua kilichochoka tukakipa kazi ya hewa.
Silikoni niliipaka kwa kidole,
kidole kikanata mpaka Jumapili,
nikatoa sadaka kwa mkono wa kushoto
na mzee wa kanisa akaona.

Mke wangu akapita na beseni la nguo.
"Mjusi kafiri," alisema,
"leo naye anajengewa self?
Mimi nalala na jiko miguuni."
Sikujibu. Bawaba ilikuwa imepinda,
na bawaba iliyopinda humpa mtu pa kutazama.

Nyumba ya Rau ilifika linta
mwaka aliozaliwa Ndeonasia.
Ana miaka tisa. Linta iko palepale.
Mpapai umeota sebuleni,
umeshazaa mara ngapi sijui, jirani ndiye anayechuma.

Julai mlima unateremsha baridi yake
mpaka Pasua, mpaka chini ya mlango wetu.
Tukatoboa kuta za katikati, tukaziba matundu
kwa bati la kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari,
balbu moja ipashe vyumba viwili,
wati ishirini na tano, luku isitukimbie.
Umeme ukikatika ipo chupa ya maji moto
ndani ya soksi ya shule.
Asiye na mkia alipewa kona yenye joto;
ndivyo alivyoamua mwenye nyumba,
aliyesimama juu ya debe ili afikie komeo.
Jike mkubwa chumba cha juu:
mayai yake mawili yanaonekana tumboni
kama punje za mahindi nyuma ya karatasi ya mafuta.
Nilimwinua kwenye kioo nikayaona,
nikamrudisha polepole, nimebana pumzi,
mimi niliyekanyaga wa namna yake maisha yangu yote
bila hata kutazama soli.

Siku kumi na tatu.
Hata rangi tulipaka, ya bluu, iliyobaki kwenye geti la watu.
Ndeonasia akarudi nyuma hatua tatu,
mikono kiunoni kama mkaguzi.
"Baba, hii imekwisha."
Alilisema vizuri tu, wala hakumaanisha kitu.
Nikaokota misumari, mmoja mmoja, hata iliyopinda.

Usiku niliamka kuangalia chupa.
Umeme ulikuwepo. Kabati linang'aa uani kama duka,
nondo wamejaa mbele ya vioo,
na juu ya mlango wa chumba cha sita, kwa nje,
kichwa chini miguu juu,
yuko mmoja tusiyemkamata.
Anameza, anangoja, anameza.
Cha, cha, cha, akasema kwa aliye ndani,
na aliye ndani akajibu.

Nilisimama mpaka nyayo zikafa ganzi.
Kisha nikaenda kutafuta, chini ya kitanda,
ile karatasi ya ramani ya Rau,
nione tu dirisha la chumba cha mtoto
tulilipangia upana gani.